Salamu Juu, Jeraha Chini

Mguu wangu wa kushoto uliondoka duniani kabla yangu. Mimi huwaambia wateja kwamba umetangulia kunishikia nafasi, maana foleni ya huko nasikia ni ndefu. Wengine hucheka, wengine hubana midomo wakiogopa dhambi, na hao ndio ninaowanyoa vizuri zaidi. Mtu anayejizuia kucheka hutulia kama jiwe.

Mimi ni kinyozi, na kinyozi ni mtu wa kusimama. Nguo utashona umekaa, duka utauza umekaa, hata watu utawatawala umekaa, lakini kichwa cha mtu huwezi kukizunguka wewe ukiwa kitini. Kwa hiyo pikipiki iliponigonga, kidonda kikakataa kupona, na daktari akakata chini kidogo ya goti, sikuuliza kama nitakimbia tena. Hata nilipokuwa na miguu yote sikuwahi kukimbia, labda nikidaiwa. Niliuliza jambo moja tu: nitasimama tena nyuma ya kiti changu?

"Goti tumekuachia," daktari akasema. "Mwenye goti lake ameshafika nusu ya safari. Lilinde."

Nikatoka hospitali na magongo mawili na neno hilo moja: goti. Likienda na hilo, kusimama kutwa ingekuwa hadithi ya watu wengine.

Duka lilibaki mikononi mwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mzima mwenye ndevu za heshima na maneno ya kupima kwa kijiko cha chai. Shemeji huyu akiandikiwa meseji hujibu herufi moja. Mteja atamwandikia, "Habari za leo kaka, samahani kwa usumbufu, naomba kujua kama kesho mapema mtakuwa wazi, nina shughuli ya familia." Shemeji atajibu, "P." Maana yake poa. Yule mteja alinifuata mpaka nyumbani kuniuliza kama duka limefungwa au limefunguliwa au limehamia kwenye maegesho ya magari, maana P aliijua ya kibao cha huko.

"Shemeji," nikamwambia, "hizo herufi nyingine zinakuuma vidole?"

"Si alielewa?"

"Alikuja hapa na miguu yake kuuliza!"

"Basi si alikuja. Ukiandika ndefu wanaridhika, hawaji."

Huyo ndiye mtu ninayegombana naye kwa mapenzi.

Mimi nimelelewa kinyume chake. Nimelelewa na bibi ambaye hakujua kuandika, na mimi nilikuwa kalamu yake. Barua ya bibi ilianza kwa kumsalimu anayeandikiwa, ikapita kwa mkewe, kwa watoto mmoja mmoja, kwa majirani wa kulia na wa kushoto, ikaeleza kwamba sisi huku hatujambo kabisa, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali. Halafu chini kabisa, pembeni mwa karatasi, pale ambapo maandishi yanaanza kupanda ukutani kama mjusi, ndipo aliponiambia, "Sasa andika kwamba jiko limeungua na paa lake."

Nikamuuliza siku moja kwa nini tusianze na moto. Akanitazama kama nimetema mate sebuleni. "Mtu akikuuliza habari unasema nzuri. Mabaya yatafuata, lakini yaje yamevaa nguo."

Nimeishi hivyo. Maisha yamenizaba makofi mengi, nimeibiwa, nimefukuzwa kwenye vibanda, nimeangukiwa na kioo cha duka, na kila nilipoulizwa habari nilisema nzuri kwanza. Sijutii. Adabu ndiyo nguo pekee ambayo hakuna mwizi aliyewahi kunivua.

Karakana ya miguu iko nyuma ya hospitali, imepakana na chumba cha kufulia mashuka. Mlango wa bati, meza ndefu, tanuri la kulainishia plastiki, vumbi jeupe la plasta kila mahali mpaka kwenye nyaya za taa. Ukutani imening'inia miguu, mirefu na mifupi, mingine imeshavalishwa viatu kabisa. Nilipoingia mara ya kwanza niliitazama ile miguu nikasema, "Hamjambo wote?"

Fundi hakucheka. Alikuwa mwanamke wa rika langu, aproni imekakamaa kwa plasta, mikono myeupe mpaka viwikoni kama mtu aliyetolewa kwenye kukanda unga.

"Kaa. Kunja suruali."

Kile kipande kilichobaki chini ya goti, kigutu changu, alikizungushia bandeji ya plasta mbichi, kisha akakishika kwa viganja viwili mpaka ikakauka, macho kayafumba kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Kutokana na umbo lile akatengeneza soketi, yaani kikombe cha plastiki ambamo kigutu huingia, na chini ya kikombe akafunga mguu. Siku ya kuujaribu alinisimamisha katikati ya vyuma viwili, akaniambia niachie mikono. Nikaachia. Jasho likanitoka, na kwa sababu zisizojulikana kitaalamu lilinitokea machoni.

"Kesho utaanza kutembea," akasema. "Soketi ikikuumiza mahali, niambie siku hiyohiyo. Usivumilie. Hii hapa namba yangu. Usipige, huwa sisikii kwa kelele za mashine. Andika."

Aliniambia niandike. Alimwambia nani, jamani!

Jioni ile nilikaa kibarazani nikaandika: "Habari za jioni Fundi. Natumaini hujambo na kazi inakwenda salama. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu, na mguu nao haujambo. Nisalimie yule mwenzako mwenye mafua, natumaini yamempungua. Msalimie na mama yako uliyesema anaishi nawe. Ama baada ya salamu, nakuandikia kukushukuru. Leo nimetembea kutoka mlangoni mpaka kwenye bomba la maji na jirani hakujua ni mguu upi. Umenirudisha kwenye urefu wangu. Sina cha kukulipa ila kukuombea mikono yako isichoke." Niliisoma mara mbili, nikarekebisha, nikaituma.

Jibu likaja: kile kidole gumba kimoja cha njano. Dole.

Nikampelekea mke wangu simu. Mke wangu anafanya kazi kituo cha mafuta, na salamu yake kwa binadamu wote ni "Nijaze?"

"Ona," nikamwambia. "Maneno yote yale. Dole!"

"Ulitaka akuandikie utenzi?"

"Hata asante, Mama Pacha. Hata 'nimefurahi'."

"Dole si ndiyo kufurahi?"

"Dole ni la kusimamisha lori barabarani!"

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu akaitwa Fundi Dole. Pacha wetu walipokuwa wakiambiwa waoshe vyombo walijibu kwa kidole, na mama yao akawajibu kwa mwiko.

Nikarudi kazini. Mwanzo nilisimama asubuhi tu, baadaye kutwa nzima, na naomba mniamini nikisema kwamba hakuna muziki unaoshinda mashine ya kunyolea inayolia mkononi mwako baada ya kuisikia kwa miezi ikilia mkononi mwa mwingine. Wateja walinitania, niliwatania. Mmoja aliniuliza mguu mpya unanunuliwa na dhamana ya muda gani. Nikamwambia mrefu kuliko nywele zako.

Kidonda kilianza kama mkwaruzo, upande wa ndani, chini kidogo ya goti. Siku ya pili soksi ninayovaa kwenye kigutu ilitoka na alama ya waridi. Nikakumbuka, niambie siku hiyohiyo. Nikaandika siku hiyohiyo, maana mimi ni mtu mtiifu. Nikamsalimu, nikaulizia kazi, nikasema mimi sijambo na mguu nao haujambo, nikaulizia mafua ya mwenzake, nikamsalimia mama yake, nikazungumzia joto la siku zile, na ama baada ya salamu nikamweleza kwamba kuna kajeraha kadogo upande wa ndani, si kitu sana, ila jioni hutoa damu kidogo, je, niendelee kuvaa?

Dole.

Mtaalamu akikuonyesha dole, wewe ni nani useme hapana? Nikaendelea.

Baada ya siku chache nikaandika tena, ndefu zaidi, kwa sababu jambo lilikuwa zito zaidi, na jambo zito huhitaji salamu za kulibeba. Nikaeleza chini kwamba kajeraha kamekuwa jeraha na natembea kama nimekanyaga moto. Hapo akajibu neno zima: "Safi."

Neno lile lilinichoma kuliko kidonda. Nikajiambia labda ndivyo miguu hii inavyozoeleka, kama kiatu kipya. Labda ngozi inajifunza. Nikabana meno nikanyoa. Wateja wakaanza kusema nimekuwa mkimya, na kinyozi mkimya anatisha, maana ana wembe.

Aliyegundua ni mke wangu, na aligundulia kwenye beseni. Alikuwa anafua mchana wa mapumziko yake, akafika kwenye soksi zangu, na maji yakabadilika rangi. Akaja sebuleni ameishika moja kwa vidole viwili, inachuruzika sakafuni.

"Baba Pacha, hii ni nini?"

"Tulia. Fundi anajua."

"Anajua nini?"

"Nimemwandikia yote. Kaniambia safi."

"Damu, safi?"

"Mtaalamu ni yeye."

"Lete simu."

Akaisoma meseji yangu ya mwisho amesimama. Nikaona macho yake yanashuka, yanashuka, akahamishia uzito mguu mwingine, akashuka tena. Kisha akafuta mkono kwenye kanga yake, akaandika kwa kidole kimoja kwa nguvu, kama anayebonyeza pampu.

"Umeandika nini?"

Akanionyesha. Aliandika: "Kidonda mguuni kinatoa damu."

"Mke wangu! Hata habari hujamwambia!"

"Habari ndiyo hiyo."

Nilitamani sakafu ifunguke. Miezi yote ya kujenga heshima na yule mama, na mke wangu kamwingilia kama askari wa doria. Nikanyoosha mkono nichukue simu niombe radhi, na ilikuwa bado mkononi mwake ilipoita.

Alikuwa Fundi Dole mwenyewe. Mke wangu akaweka sauti ya wote.

"Nani anaandika?"

"Mke wake."

"Mguu uko wapi?"

"Ameuvaa."

"Auvue. Sasa hivi. Usikate simu, nataka kusikia akiuvua."

Nikauvua. Soketi ilitoa ule mlio wake wa kufyonza, ikatoka, na mimi nikapiga kelele ambayo sikuipanga.

"Kinanuka?" Fundi akauliza.

Mke wangu akapiga magoti akakinusa kigutu changu, yeye anayenusa petroli kutwa na husema pua yake ilishastaafu. Akainua uso. Hakunitazama.

"Kidogo," akasema.

Upande wa pili mashine zilikuwa zimezimwa.

"Nakuja," Fundi akasema. "Asikanyage chini."

Alikuja na aproni yake, plasta ikimdondoka njiani kama anaacha alama za kurudia. Hakukaa. Alikitazama kidonda, akaugusa mzunguko wake kwa mgongo wa mkono, akapiga simu mbili, na muda si mrefu nilikuwa nimelala kwenye kitanda chembamba hospitalini, muuguzi wa vidonda akiniinamia na taa.

Muuguzi alikuwa mtu wa kusema ukweli bila sukari. "Kimechimba. Kinaelekea kwenye mfupa. Tunasafisha leo, tunaanza dawa, na kesho asubuhi daktari ataangalia kama goti linabaki."

Kama. Neno dogo lile. Nimeliandika mara elfu kwenye salamu zangu, kama hujambo, kama kazi inakwenda. Sikujua kwamba linaweza kumkata mtu mguu.

Walipomaliza kunisafisha waliniweka kwenye korido nikasubiri kitanda wodini. Mke wangu kulia kwangu, Fundi kushoto. Fundi alikuwa amenawa mikono, na ilikuwa mara ya kwanza kuiona rangi yake. Alitoa simu, akapekua, akanipa.

"Nionyeshe uliponiambia."

Nikaona kwenye kioo chake kile ambacho sikuwahi kukiona kwenye changu. Kila meseji yangu ilionekana mistari michache ya juu, kisha nukta, kisha maneno "soma zaidi." Na mistari ile ya juu ilikuwa ileile kila mara. Habari za jioni Fundi. Natumaini hujambo. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu, na mguu nao haujambo. Chini yake, dole. Mguu nao haujambo. Dole. Mguu nao haujambo. Safi.

"Mgonjwa ananiandikia kila mara kwamba mguu haujambo," akasema.

"Lakini Fundi, hiyo ilikuwa salamu!"

"Mimi niliichukua kama taarifa."

Mke wangu akatoa sauti ambayo ilitaka kuwa kicheko, ikaona aibu, ikarudi.

"Mikono yangu ina plasta kutwa," Fundi akaendelea, sasa polepole. "Nabonyeza kwa kiungo cha kidole, hivi. Nasoma cha juu, naona mtu mzima, namtupia dole nakwenda kwa anayelia. Na nikwambie kitu, Kinyozi. Nilikuwa nafurahi nikiona jina lako. Nikisema, afadhali huyu. Huyu hana shida." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nafurahi, na sikufungua hata moja. Kosa ni langu."

"Hapana, Fundi. Mimi ndiye niliyelizika jeraha chini ya maua."

"Na mimi nilikwambia uandike."

"Hukuniambia niandike kitabu."

"Ningeweza kukisoma."

"Ningeweza kuanza mwisho."

"Mkimaliza kugombania kosa," mke wangu akasema, "kitanda kimepatikana."

Sikulala vizuri, lakini hilo nawaachia wenye mashairi. Asubuhi daktari alikuja, akafunua bandeji, akaminya, akanusa, akaandika. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na aproni safi, na wala haikuwa wodi yake. Daktari akasema, "Mngekawia mpaka mwisho wa wiki nisingekuwa na la kuongea nanyi. Goti linabaki."

Mke wangu akakaa kwenye kitanda changu, juu ya mkono wangu, na sikumwambia.

Najua watu wanaosifia mabingwa waliowaokoa, wenye majina marefu na miwani. Mimi niliokolewa na mwanamke mwenye soksi mbichi mkononi ambaye hakusema hata hujambo. Nimemshukuru kwa maneno mengi, mpaka akaniambia, "Baba Pacha, asante moja inatosha, nyingine zinanichelewesha kazini." Basi namshukuru hapa, mahali ambapo hawezi kunikatisha.

Nikarudi kwenye magongo. Amri ya Fundi ilikuwa kila asubuhi nimtumie picha ya kidonda. Picha kwanza. Salamu, kama nina hamu sana, zifuate chini. Ndugu zangu, hamjui nilivyoteseka. Kumtumia mwanamke wa watu picha ya kidonda kibichi kabla ya kumuuliza ameamkaje! Siku ya kwanza nilijiona kama mtu anayeingia nyumba ya watu kupitia dirishani. Nikafumba macho nikaituma, na mara baada yake nikatuma habari za asubuhi, nikikimbia kama anayerudi kufunga mlango aliouacha wazi.

Akajibu: "Nzuri. Kimepungua wekundu. Kunywa dawa." Maneno matano. Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Kisha ikaja Jumapili moja, mchana, nimejilaza, simu ikaanza kutetemeka na haikunyamaza. Nikadhani kuna msiba. Alikuwa Fundi. Alikuwa amekaa kwake, mikono safi, akazifungua meseji zangu zote tangu ya kwanza, akasoma mpaka chini, na alikuwa anazijibu, moja moja, kila swali lililosubiri kwa miezi.

"Mafua ya mwenzangu yalikwisha zamani. Nimemwambia uliuliza, amefurahi."

"Mama hajambo. Anasema wewe una malezi."

"Ndiyo, joto lilikuwa kali siku zile."

"Asante kwa kuniombea mikono. Huniuma usiku. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Fupifupi zote, lakini kila moja ilikuwa na mtu ndani yake. Nilizisoma na mke wangu akiwa begani kwangu. Ile ya mikono aliisoma mara mbili. Halafu akasema, "Mwambie ajaribu maji ya vuguvugu na chumvi," na akasubiri kuona kama nimeandika hivyo bila kuzunguka.

Kidonda kilifunga. Fundi alinifungia plasta upya, akatengeneza soketi mpya, na safari hii hakuridhika na kunisimamisha kwenye vile vyuma viwili.

"Nitakuja dukani," akasema. "Nataka kuona unavyosimama ukinyoa, si unavyosimama ukiwa mbele ya fundi."

Siku ya kurudi, shemeji alikuwa amefagia mpaka nje. Kiti changu kilikuwa kimefunikwa shuka. Nikamuuliza mbona shuka. Akainua bega. Mteja mmoja wa zamani, aliyekuwa anasubiri zamu, ndiye aliyesema, "Huyu? Tangu ulipoumia hajamkalisha mtu pale. Tunabanana wote kwenye kile kingine. Tukilalamika anasema, 'Kina mwenyewe.'"

Nilimgeukia shemeji. Nilikuwa na hotuba tayari, yenye salamu na kati na mwisho.

"P," akasema, akashika mashine yake.

Nikaifunga ile hotuba. Nilimshika bega tu, nikabana kidogo, na naye akatikisa kichwa kama nimemjibu.

Fundi akafika, akasalimia watu wote kwa neno moja, akakaa kwenye benchi ya wateja. Mteja wangu wa kwanza alikuwa dereva wa gari la kubebea maji, mtu mnene aliyekesha kazini, kichwa kama dunia. Nikamvika kitambaa, nikawasha mashine, nikaanza kumzunguka. Nilipofika nyuma ya sikio lake la kulia, Fundi akasema, "Simama hapohapo."

Nikasimama. Akaja akapiga magoti sakafuni, kwenye nywele, akashika soketi yangu kwa viganja viwili.

"Unaona? Ukifika sikio hili unainamia kushoto na kusokota goti. Vichwa vyote hivyo kwa siku. Ndipo ilipokuwa inakula." Akachora alama kwa penseli juu ya plastiki. "Ningekupimia umesimama kama askari mpaka mwisho wa dunia, nisingepaona. Vua."

Akaikwangua kwa tupa palepale, amekaa kwenye kibao cha kungojea, unga mweupe wa plastiki ukidondoka juu ya nywele nyeusi za sakafuni. Wateja walimtazama kama wako kwenye ibada. Mmoja akanong'ona, "Na mimi kiatu changu kinabana," na Fundi, bila kuinua kichwa, akamwambia, "Nunua kikubwa." Duka likaangua kicheko, na nikamwona Fundi Dole, kwa mara ya kwanza, akicheka na meno yake yote.

Nikavaa tena. Nikamzunguka yule dereva tena, sikio la kulia, kisogo, sikio la kushoto. Fundi akaingiza mgongo wa mkono wake kwenye ukingo wa soketi, akautuliza pale, akisubiri kama kuna joto.

"Baridi," akasema.

"Fundi," nikaanza, "kwa kweli sijui nianzie wapi kukushukuru, wewe na wote walio—"

"Kinyozi. Mteja wako."

Nikatazama. Dereva alikuwa amelala, fofofo, kidevu kifuani, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado msitu, anakoroma taratibu ndani ya kitambaa changu. Shemeji akaniashiria nimwamshe, foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikazima mashine. Nikamwacha alale kidogo, mkono wangu ukiwa juu ya mgongo wa kiti. Sikuwa na haraka yoyote. Nilikuwa nimesimama.